Msomaji wa Pili

"Huyu mtu ananitafuta," Mwalimu alisema, akaigonga skrini kwa ukucha. "Hebu soma mwenyewe."

Kipara, jirani yake wa meza, aliinama akasoma. Sentensi ilikuwa fupi: Umekula lakini? Mwalimu alikuwa ameipa alama ya lawama. Msomaji wa Pili ameipa alama ya upendo, na pembeni akaongeza: "Huyu anamjali mwenzake kweli kweli."

"Mimi simo," Kipara alisema, akarudi kwenye sentensi zake.

Kazi yao ndiyo hiyo, kutwa nzima: kuifundisha kompyuta kujua mtu ana maana gani anapoandika. Sentensi zilitoka kwenye ujumbe wa simu ambao wenyewe wameutoa kwa hiari. Majina yamefichwa, maneno yamebaki. Kila sentensi ilisomwa mara mbili, na msomaji hakuambiwa mwenzake ni nani. Kila mmoja anaibandika alama: furaha, hasira, hofu, lawama, dharau, upendo. Alama zikilingana, kompyuta inajifunza. Zikipishana mno, kuna msomaji asiyefaa, na asiyefaa harefushiwi mkataba. Mikataba ilikuwa inakwisha Ijumaa, na leo ni Jumatano.

Jina la Mwalimu hakupewa bure. Alifundisha miaka kumi na sita mpaka shule ikafungwa, na hapa ndipo alipopata pa kujishika, miaka mitatu sasa. Pacha wake walikuwa sekondari. Kazi hii ikimponyoka hana pengine, na alijua hivyo kila asubuhi akivaa viatu.

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Sentensi mia nane kwa siku, na siku hizi zote zilikuwa na ladha moja mdomoni. Nyingine alihisi kama aliwahi kuzisoma, lakini mtu wa sentensi mia nane kwa siku, ni kitu gani hajawahi kukisoma?

Kilichomkera zaidi ni namna mwenzake alivyopishana naye. Usijali, nitasubiri. Mwalimu: hasira. Msomaji wa Pili: upendo. Haya, fanya unavyotaka. Mwalimu: dharau tupu. Msomaji wa Pili: "Kachoka tu, maskini, hana neno." Mtu gani huyo wa kuona asali kila mahali! Mwalimu alimwandikia mara tano kwenye nafasi ya maoni. Alianza kwa adabu, akamalizia kwa ukali: Umewahi kuishi na mtu, wewe? Hakujibiwa hata siku moja. Na hilo nalo akalihesabu kuwa kiburi.

Simu yake ikatetemeka juu ya meza. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa ameandika: Leo unarudi saa ngapi?

"Unaona?" Mwalimu alimwonyesha Kipara. "Siku hizi ananichunga."

"Labda anataka kujua chakula akibandike saa ngapi."

"Wewe humjui." Akaigeuza simu kifudifudi bila kujibu.

Alhamisi alipiga moyo konde akabisha hodi kwa msimamizi. Msimamizi alikuwa binti mdogo kwake kwa miaka kumi na kitu, mwenye adabu zake. Aliinuka alipomwona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sikai. Nimekuja kusema neno moja tu. Ama yeye, ama mimi."

Msimamizi hakuuliza yeye ni nani. Alifunga mlango, akavuta kiti, na Mwalimu akajikuta ameketi.

"Hizo sentensi mnazopishana," msimamizi alisema, "tulichukua mia moja, tukawatafuta walioziandika. Tukamuuliza kila mmoja: ulipoandika hivi, ulikuwa na maana gani?"

"Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa."

"Themanini na tisa, aliyepatia ni yeye."

Mwalimu alitazama mikono yake. Aliona aibu, na nyuma ya aibu akaona wivu, wivu mkali ambao hakuwa ameuona tangu ujana. Aliwaza kuhusu mtu huyo asiyemfahamu, anayeamka asubuhi, anasoma maneno yale yale anayoyasoma yeye, na watu wanamfungukia. Mtu wa namna hiyo nyumbani kwake kukoje? Bila shaka watu wake wanamwambia mambo.

"Mimi nilidhani anatia chumvi," alisema taratibu.

"Hata sisi tulidhani hivyo mwanzoni."

"Basi mpeni nafasi yangu. Nisiwasumbue. Vitu vyangu nitavichukua leo leo." Alianza kuinuka. "Anastahili. Mimi sijui hata lini niliacha kuwaelewa watu."

Msimamizi alimwashiria abaki kitini.

"Tungempa hata sasa hivi, Mwalimu. Juzi kwenye kikao hatukuzungumza kingine. Shida ni kwamba hatujui tutampataje."

"Kwani ameacha kazi?"

"Hajaacha." Msimamizi alivuta kompyuta yake karibu. "Sentensi za mwezi huu si mpya. Zilishasomwa miaka mitatu iliyopita, wiki ile tulipofungua ofisi hii. Tumezirudisha makusudi, kuwapima, na ilibidi tusiwaambie."

Akaigeuza skrini. Alama za Msomaji wa Pili zilikuwa zimepangwa kuanzia juu mpaka chini, na tarehe zake za zamani. Sehemu ya jina, ambayo mwezi mzima ilikuwa imefichwa, sasa ilikuwa wazi. Mwalimu akasogeza miwani, akasoma jina lake mwenyewe.