Mawe Matano ya Nguchiro

Nguchiro, ambaye wasiojua humwita Kicheche, aliwakilisha wanyama wa mtoni katika bunge la jimbo kwa vipindi vitano, kila mara kwa chama kingine. Kila uchaguzi alivishwa shada la maua, akaweka jiwe la msingi la daraja, akaenda zake.

"Mheshimiwa, Mamba amemla mwanangu wa pili," Nungunungu alimwambia. "Daraja li wapi?"

"Pole sana, mama. Chama nilichokihama ndicho kilichotukwamisha."

"Na kile cha kabla yake?"

"Hicho nimekwisha kukirudia. Hakina kosa."

Nungunungu aliwaita jirani zake, wakayang'oa mawe yote matano, wakayapanga mtoni, wakavuka na watoto wao.

Uchaguzi wa sita ulipokaribia, Nguchiro alimwomba Tembo, mwenyekiti wa chama alichokirudia, amsimamishe tena.

"Haiwezekani, ndugu yangu," alisema Tembo. "Wapiga kura wako wanavuka salama. Utawaahidi nini?"

"Nipe wiki moja, mzee, niyaondoe hayo mawe."

Tembo alimtazama kwa heshima, akajilaumu kwa kumnyima uwaziri miaka yote ile.