Kikapu cha Kwenda Gerezani

"Polisi wanakuja!" Profesa Vodrážka alipiga kelele dirishani, uso ukimmeremeta kama bwana harusi. "Apolena, kikapu!"

Mkewe alikuwa ameshakifunga. Ndani mlikuwa na mkate, soseji, donge la uzi wa sufu na sindano za kufumia.

"Sindano za nini tena, mke wangu?"

"Gerezani siku ni ndefu."

Furaha ilikuwa imemziba Profesa masikio. Hapa Praha, mwanahistoria yeyote aliyejiita mzalendo alikuwa ameshatiwa ndani na serikali ya Kaisari, iliyotutawala kutoka Vienna. Mrázek, hasimu wake, alifungwa mara tatu, na hakuchoka kumtambia. Vodrážka hakuwa ameguswa hata siku moja, na aibu hiyo ilimkosesha usingizi. Ndiyo maana aliandika kitabu kinene kama tofali, kuthibitisha kwamba dola ya Kaisari, pamoja na mataifa yote iliyoyakumbatia, ni gereza tu, na Wacheki wana haki ya kutoka.

"Leo Mrázek atafyata mkia," alisema akifunga tai. "Na watu wataacha kusoma ule upuuzi."

Upuuzi wenyewe ulikuwa karatasi moja isiyo na jina la mwandishi, iliyokuwa ikichekesha baa zote za mji. Ilisema dola ni chungu: kila taifa linaleta nyama yake, Vienna inaleta mfuniko, halafu Vienna ndiyo inayogawa mchuzi.

"Historia ya jikoni!" alifoka Profesa. "Haina hata tanbihi moja!"

"Kweli kabisa," alisema Apolena, akivaa koti.

"Unanisindikiza?"

"Tunashuka pamoja."

Majirani walikuwa wamejaa kwenye ngazi, wakiimba nyimbo za kizalendo. Sajini Hruška akapanda akihema, akavua kofia. Profesa akamnyooshea mikono yote miwili.

"Nifunge, Sajini! Sikanushi hata ukurasa mmoja!"

"Ukurasa wa kile kitabu, Profesa?" Sajini aliona haya. "Mkaguzi wa vitabu alikianza tangu Pasaka. Kila akikifungua, anasinzia."

Kisha akamgeukia Apolena. "Haya, mama, twende. Kikapu nitakubebea."

Apolena akambusu mumewe shavuni.

"Mchuzi uko jikoni, mume wangu. Mfuniko kawaombe Vienna."