Mpaka Amalize Kukimbia

Kocha alifungulia mabomba yote ya bafuni, akauma taulo, ndipo akalia. Upande wa pili wa ukuta, mpwa wake alikuwa akivaa sare ya taifa.

Simu ilikuwa imetoka nyumbani, kwa mdogo wake wa mwisho. "Kaka, nimeshindwa kukaa nalo. Dada ametutoka." Kocha hajapata hata pumzi ya kuuliza, yule akadakia, "Mwache mtoto akimbie. Nakuomba, usimzuie." Kisha kilio, na simu ikakatika.

Dada yao alikuwa ameugua muda mrefu. Tangu Kocha atangulie ugenini na timu, kila akipiga simu aliambiwa mgonjwa amelala, au sauti imemkauka, apige kesho. Hakushtuka. Mgonjwa ni mgonjwa. Hata mpwa wake, aliyekuja kambini wa mwisho kwa sababu ya matatizo ya pasi ya kusafiria, alisema mama anaendelea vizuri.

Na Kocha alijua habari kama hiyo inaweza kumfanya nini mkimbiaji. Ujanani aliwahi kuteuliwa kwenda kwenye michezo kama hii. Begi lilikuwa limeshapimwa uwanja wa ndege alipoitwa kwenye simu. Alikuwa dada yake huyo huyo: baba amefariki. Kocha aligeuza, akaenda kuzika. Hakuteuliwa tena. Dada hakuacha kujilaumu. "Ningefunga domo langu siku ile," alikuwa akisema, "ungekuwa mtu mwingine leo."

Basi leo Kocha angefunga la kwake.

Alinawa uso, akatoka. Msichana alikuwa ameketi kitandani akibana namba kifuani kwa pini. Wenzake walimwita Kiberiti, maana alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa kuwaka.

"Macho yamekuwaje, Mjomba?"

"Sabuni. Lete simu yako. Leo sitaki uongee na mtu, akili yote iwe uwanjani."

Alijiandaa kwa ugomvi. Kiberiti hakuwahi kuingia mbioni bila kusikia sauti ya mama yake. Lakini alimpa simu pale pale.

"Mama yako anakusalimia," Kocha akasema.

Kiberiti aliinamia kiatu. Akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena.

"Asante, Mjomba. Umekula?"

"Nimeshiba."

"Kula hata kidogo. Utaanguka."

Uwanjani, Kocha alisimama kwenye uzio, mikono imeng'ang'ania chuma. Nchi yao haikuwahi kurudi na medali kutoka michezo hii, na magazeti ya nyumbani yalishasema timu imekwenda kutalii. Kiberiti alikimbia kama mtu anayefukuzwa. Mizunguko ya mwanzo alikaa nyuma, kisha akaanza kuwapita mmoja mmoja, meno nje, jasho na machozi havitofautiki. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia alikuwa wa tatu. Kocha alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka.

Kwenye mstari, mwanamke mmoja mrefu alimpita kwa kifua.

Wa nne. Hakuna wimbo wa taifa wala bendera kwa wa nne. Wapiga picha walimruka pale alipolala chini, wakawahi wenzao wenye medali.

Kocha alimwinua, akampeleka kwenye ujia wa nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, mahali pasipokuwa na mtu. Alimkalisha kwenye benchi, akapiga magoti mbele yake.

"Mwanangu," alianza. "Asubuhi nilipigiwa simu. Mama yako hatunaye. Nilikuficha ili ukimbie. Ukitaka kunichukia, nichukie, una haki."

Kiberiti hakupiga mayowe. Alimtazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyeumia, kisha akamshika mikono yote miwili.

"Tulimzika kabla sijaja huku, Mjomba," alisema. "Alituapisha tukufiche wewe."