Kozi Aliyochaguliwa Ghati

Ryoba aliweka kofia yake juu ya kiti cha jirani, na kila aliyetaka kukikalia alimfukuza kama kuku aliyeona unga.

"Hapa anakaa wakili wangu. Binti yangu huyo, ana masta!"

Aliyasema kwa sauti, makusudi, ili yafike upande wa pili wa chumba cha Baraza la Ardhi pale Musoma, alikokaa Hyasinta peke yake. Mjane yule wa mdogo wake alikuwa amejifunga kitenge cha WAWATA, kile cha akina mama Wakatoliki, mikono kaiweka mapajani, hana wakili wala ndugu wa kumsindikiza. Leo atakiona cha mtema kuni, Ryoba alijisemea, na moyo wake ukatulia kabisa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa shamba la Buswahili. Mdogo wake alipofariki, wazee walikaa wakaamua Ryoba amrithi mjane, kama ilivyo desturi. Hyasinta akakataa. Mbele za watu, bila haya! Basi akaambiwa arudi kwao Kisorya, na aache kila kilichopatikana kwa ng'ombe wa mahari waliotolewa na ukoo. Akaacha vyote, huku analia. Shamba tu ndilo alilorudi kuling'ang'ania, na miaka yote hii alikuwa akililima wakati Ryoba anakula hasira dukani kwake Bunda.

"Nilikuwaga nashindwa kwa sababu sina msomi," alimwambia Mashimba, binamu yake aliyekuja kutoa ushahidi. "Sasa ngoja uone."

Maana msomi huyo alimtengeneza mwenyewe. Ghati alipomaliza kidato cha sita alitaka ualimu wa Jiografia. Ryoba alicheka mpaka akakohoa. Jiografia! Ikufikishe wapi? Kozi huchaguliwa kwa kuangalia kazi inayokusubiri, mwanangu, na kazi yako inakusubiri Buswahili. Binti akalia weee, mwisho akajaza Sheria. Alipofika mahali pa kuchagua masomo ya hiari, alipiga simu kuuliza. Ardhi, Ryoba akasema. Kuna na mirathi, baba. Chukua na mirathi! Alipoapishwa uwakili, wenzake walikimbilia kazi za benki, yeye akarudishwa darasani kusoma masta, ardhi ileile. Ryoba hakumwonea huruma. Panga halikati bila kunolewa.

Na alinoleka, jamani. Utafiti wake wa masta aliufanyia Buswahili kwenyewe, akihoji wajane. Aliaga anakwenda wiki, akakaa mwezi. Ryoba alifurahi kupita kiasi: mtoto kaenda kumpeleleza adui jikoni kwake! Aliporudi Bunda alikuwa anamtazama mzee wakati wa kula mpaka ugali unapoa.

"Baba, marehemu baba mdogo aliacha mtoto?"

"Watoto wote wa boma hili ni wangu," Ryoba alijibu, akimega tonge. "Mtoto ni wa ng'ombe. Hilo hamfundishwagi chuoni?"

"Hatufundishwi."

"Basi jifunze hapa. Kula."

Wiki iliyopita alimpigia simu kumkumbusha siku ya kesi.

"Utakuja, mwanangu?"

"Siwezi kukosa, baba."

"Umejiandaa lakini?"

"Tangu uliponichagulia kozi."

Maneno hayo Ryoba aliyarudia kwa kila mteja aliyeingia dukani, hata waliokuja kununua kiberiti. Wazazi wengine, aliwaambia, wanawaacha watoto wachague wanachokipenda, halafu miaka inapita digrii iko kabatini na mtoto yuko kijiweni. Yeye alijua tangu mwanzo anasomesha kwa ajili gani.

"Ryoba," Mashimba alinong'ona sasa, akimkwepa macho, "una uhakika huyu mtoto anajua yote?"

"Anajua sheria. Mengine ya nini?"

Mashimba akaanza kukuna goti.

Mlango ukafunguliwa. Ghati aliingia na suti nyeusi, kola nyeupe shingoni, mkoba mkononi. Ryoba aliinyakua kofia, akakipangusa kiti kwa kiganja. Machozi yalimlenga, na hakuyaonea aibu. Wako wapi leo wale waliosema kusomesha msichana ni kumwagilia shamba la jirani? Waje waone!

"Shikamoo, baba," Ghati alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa hapa."

Hakukaa. Alivuka chumba taratibu, akaweka mkoba wake mezani mbele ya Hyasinta. Ryoba alicheka kidogo. Akamwambia Mashimba kwamba hizo ndizo mbinu za mawakili, anamtisha kwanza.

Mwenyekiti alivaa miwani, akauliza nani yuko kwa niaba ya nani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, ni wakili Ghati, kwa niaba ya mjibu maombi," binti alisema. "Kabla hatujaanza, naomba nitamke wazi undugu wangu na wahusika. Mwombaji ni baba yangu mkubwa, aliyenisomesha. Mjibu maombi ni mama yangu, aliyenyang'anywa mimi nikiwa bado nanyonya."