Shingo ya Mtoto

Munira alifungua kitenge, akamlaza binti yake kifudifudi juu ya mkeka, kando ya visamaki vya ndagala vilivyokuwa vikikauka juani.

"We Munira! Unataka kuua mutoto?" mama mkwe wake aliruka. "Huyu hajagusa chini hata siku moja!"

"Muganga alisema shingo haiwezi kukomaa akibebwa tu ku mugongo, mama."

Kweli hakuwahi kugusa chini. Tumboni damu ilimfikia kwa shida kupitia kitovu, akazaliwa mwepesi kuliko jogoo. Tangu hapo nyumba nzima ilimbeba kama yai. Wenzake wa umri wake pale mjini Baraka walishaweza kukaa wenyewe. Yeye kichwa kilikuwa bado kinalegea.

Mtoto alilia, pua imezama mkekani. Munira aliuma mdomo, hakumwinua.

Bibi alinyoosha mikono amnyakue. Ndipo akaiona ile shingo nyembamba ikitetemeka, ikijaribu. Mikono ikasita. Polepole, na magoti yake mabovu, akajilaza chini naye, shavu mkekani.

"Niangalie, kandege kangu. Niko hapa."

Kilio kilikatika. Kidevu kikajitenga na mkeka.

Munira akainama amsaidie.

"Usimuguse," bibi akanong'ona.