Majibu ya Kobe

Kompyuta ilimkatalia kwa mara ya kumi na tisa, na safari hii maandishi mekundu yalijaa skrini nzima. Fundi cherehani aliyatazama kama mtu anayesomewa hukumu kwa lugha asiyoijua.

Nyuma yake, kitandani, baba yake alikuwa macho. Macho ndiyo yaliyombakia. Tangu kiharusi kimwangushe miezi minne iliyopita, mzee hakusogeza kidole wala kutamka neno.

"Mzee hayupo pale, mdogo wangu," kaka yake alikuwa amemwambia kwenye simu. "Unaongea na ukuta. Jumamosi asubuhi naja na gari, tumpeleke kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa."

Leo ilikuwa Alhamisi.

Programu aliyoihangaikia ilikuwa ya kuandika kwa macho: kamera inafuata mboni, mgonjwa anaikazia macho herufi, herufi inaandikwa. Walioitunga waliigawa bure, ila mbichi, msimbo mtupu, kila mtu aijenge mwenyewe kwenye kompyuta yake. Ni kama kukabidhiwa kitambaa na vipimo ukaambiwa, haya, vaa gauni.

Kwenye ukumbi wa mtandaoni wa programu hiyo mtu mmoja tu ndiye aliyemjibu, aliyejiita Kobe. Fundi alikuwa ameandika ukurasa mzima: amefanya nini, kompyuta imesema nini, mzee ana hali gani. Akangoja dakika ishirini, mguu ukipigapiga sakafu kama uko kwenye cherehani.

"Maktaba haipo," Kobe aliandika.

"Maktaba gani tena, ndugu yangu? Mimi ni mwanamke wa sindano na uzi."

Dakika kumi nyingine. "Kazi ya wengine. Isakinishe kwanza."

Hakuna pole, hakuna karibu. Aliisakinisha. Kosa likahamia kwingine, naye akauliza tena.

"Mstari wa kwanza. Usome."

Akausoma. Kumbe huo ndio uliokuwa na kosa. Mingine yote ililia kwa kufuata mkumbo.

Ijumaa aliwarudisha wateja mlangoni. Kobe alinyamaza saa tatu kamili, na subira ya fundi ikakatika. Akaandika: "Najua wewe bingwa, mimi mbumbumbu. Lakini maneno hayauzwi. Ungekuwa na mgonjwa ndani usingenipimia kwa kijiko."

Jibu lilikuja jioni: "Toleo lako la zamani. Chukua jipya." Basi.

Akameza hasira, akachukua jipya.

Jumamosi, gari la kaka yake likiegeshwa nje, mistari ilipita kwenye skrini bila wekundu hata chembe, na ubao wa herufi ukafunguka. Kaka aliingia akakuta kamera imeelekezwa usoni kwa baba.

"Mdogo wangu, tusichoshane."

"Ngoja kidogo, kaka."

C. Baada ya muda, H. Mzee alikaza macho mpaka machozi yakamchuruzika. Ilichukua dakika sita.

CHUMVI.

Fundi alizikumbuka supu zote za miezi minne, akacheka huku analia. Kaka yake aliketi sakafuni kando ya kitanda, funguo za gari mkononi, hakujua azipeleke wapi.

"Shikamoo, baba," alisema.

Alasiri gari liliondoka kama lilivyokuja. Fundi akarudi ukumbini.

"Kobe, imekubali. Baba amesema. Nisamehe kwa niliyokuandikia jana, nilikuwa nimechanganyikiwa. Ila niambie ukweli, mbona ulinibania maneno hivyo?"

Alingoja nusu saa.

"Sikukubania, dada. Nami naandika kwa macho."