Walipotoka Lango la Kristianstad

Njaa ilipoifungua ngome ya Kristianstad, Waswidi waliwaruhusu askari wa mfalme wa Denmaki waondoke salama. Lakini mzaliwa wa Skåne, jimbo hilo ambalo Uswidi ilikuwa imeinyang'anya Denmaki, aliyehesabiwa sasa kuwa raia wa Uswidi, angenyongwa kwa uhaini. Ndiyo maana wanawake wa vijijini walipangwa langoni: macho ya mama yangemfichua mwana.

Bodil, mmoja wao, alisimama kando ya mlinzi.

"Bibi, mwanao yumo humo? Au panya wamemmaliza?"

"Sina mwana, bwana askari."

"Wote hamna! Skåne nzima matasa!"

Safu zikapita kwa mlio wa ngoma. Katika safu ya mwisho alikuwamo, mashavu yamebonyea, shingo nyembamba kama ya kifaranga. Akamwona mama yake. Na kwa kuwa alilelewa vyema, hata njaa ya miezi haikumsahaulisha adabu ya kwao: mtoto hampiti mzazi na kofia kichwani.

Akaivua.

Bodil akampa mgongo. Kwao, mzazi humpa mtoto mgongo siku anapomkana.

"Yule anamvulia nani kofia?" mlinzi akauliza.

"Ni jua hili kali, bwana! Hata wewe ungevua."

Mlinzi akacheka, akajifuta jasho shingoni.

Nyuma yake Bodil alisikia hatua zikisita, za mtu mmoja tu, kisha zikaendelea. Mbele yake palikuwa na ukuta wa lango, na katika ufa wa matofali sisimizi walikuwa wakikokota punje ya shayiri. Aliwatazama mpaka ngoma zilipovuka daraja.